Virusi vilianzia wapi? Tuanzie kwenye jani la mhogo

#1 Binti wa Muheza

Wakuu, salaam.

Kila ukizuka ugonjwa mpya watu huulizana virusi vyake vimetoka wapi, na jibu linalotolewa huwa la safari: vilikaa kwa popo, vikaruka kwa mnyama mwingine, vikafika kwa mtu. Hilo ni jibu la swali jingine. Leo naomba turudi nyuma ya popo na nyuma ya mnyama yeyote. Kirusi chenyewe, kwa asili yake, kilitokana na nini?

Mimi napima magonjwa ya mihogo, huu mwaka wa kumi na moja. Napokea majani, nayasaga, natoa DNA na RNA, zile nyuzi zinazobeba maagizo ya urithi kwa herufi za kikemia, kisha namwambia mkulima kama mbegu yake ni safi. Kwetu ni Muheza, na ile milima ya Usambara tunayoiona kila asubuhi ndiko batobato ya mihogo ilikoelezwa kwa maandishi kwa mara ya kwanza, mwaka 1894, na Mjerumani aitwaye Warburg. Ndiyo maana naanzia shambani.

Mihogo yetu ina magonjwa mawili makubwa ya virusi. Batobato mnaijua: jani linajikunja, linakuwa na mabaka ya njano na kijani, mmea unadumaa. La pili ni michirizi kahawia, ambalo H. H. Storey aliliandika mwaka 1936 akiwa kituo cha utafiti cha Amani, huko huko Usambara. Hili lina hila. Mmea unaweza kuonekana umestawi, ukichimba unakuta mhogo umeoza kikavu kwa ndani, madoa ya kahawia, hauliki wala hauuziki. Yote mawili huenezwa na inzi weupe wale wale na pingili zile zile. Mkulima anayaita yote "virusi", na hajakosea.

Sasa fungua ndani. Kirusi cha batobato kimeandikwa kwa DNA ya uzi mmoja iliyounganishwa ncha kwa ncha kama pete. Pete ziko mbili, kila moja ina herufi 2,800 hivi, na koti lake ni vipira viwili vilivyogandana kama mapacha. Kirusi cha michirizi kahawia ni RNA, uzi mmoja mrefu wa herufi zipatazo 9,000, ndani ya koti jembamba kama kijiti kinachopinda. Ukivilinganisha jeni kwa jeni hupati hata moja ya pamoja. Mhogo una undugu na wewe unayesoma hapa kuliko virusi hivi viwili vilivyo na undugu wao kwa wao, kwa sababu wewe na mhogo wote mna ribosomu, vile viwanda vidogo vya kutengeneza protini, na sehemu za ribosomu zenu zinalingana. Mwaka 1977 Carl Woese alitumia RNA ya ribosomu kugawa viumbe vyote vyenye seli katika koo zake kubwa. Virusi havimo kwenye mgawanyo ule, maana ribosomu havina. Hakuna jeni hata moja ambayo kila kirusi duniani kinayo.

Kwa hiyo neno "virusi" ni kama neno "wavuvi". Mvuvi wa Mafia na mvuvi wa Ukerewe kazi yao moja, lakini huwezi kuwatafutia babu mmoja kwa sababu tu wote wana nyavu. Kirusi ni kitu chenye maagizo ya kujinakili, kinachovaa koti la protini ili kihame, na kinachotegemea seli ya mwingine ili kizaliane. Kwa maisha hayo unaweza kufika kwa njia nyingi.

Kilichonifanya nifungue uzi huu ni hiki. Kirusi cha batobato hakina hata asili moja chenyewe kwa chenyewe.

Kina protini iitwayo Rep, ndiyo fundi wa kunakili. Rep inakata ile pete mahali maalumu, inashika ncha, kisha pete inazungushwa na kunakiliwa huku uzi ukifunguka mfululizo. Mwaka 2009 watafiti waliilinganisha Rep hii na protini za viumbe wengine, wakakuta inafanana sana na fundi wa plasmidi za fitoplasma. Plasmidi ni vipete vya DNA vinavyoishi ndani ya bakteria, vinajinakili vyenyewe na huweza kuhama kutoka bakteria mmoja kwenda kwa mwingine. Madaktari wanazijua kwa kusambaza usugu wa dawa. Fitoplasma nao ni bakteria wasio na ukuta wa seli, wanaishi ndani ya mirija ya chakula ya mimea, na ni kundi hilo hilo linaloua minazi yetu ya pwani. Na koti la batobato? Umbo la protini yake halifanani na kitu chochote cha plasmidi. Linafanana na makoti ya virusi vidogo vya RNA vya mimea.

Yaani kipete cha bakteria kilichokuwa kinaishi ndani ya mirija ya mmea kilikutana na koti la kirusi cha RNA kilichokuwa kwenye mmea huo huo, kikalivaa, kikatoka nje. Hapo ndipo ukoo mpya wa virusi ulipozaliwa. Mwaka 2019 kazi nyingine pana zaidi ilionyesha kwamba jambo la namna hii, plasmidi kugeuka kirusi, limetokea zaidi ya mara moja.

Siku niliyolielewa hili nilikuwa na sampuli nyingi mezani na sikuendelea nazo mpaka mchana. Miaka yote nilikuwa nauliza virusi vilitoka wapi, kumbe ilinipasa niulize kila kipande kimetoka wapi.

Vitabuni mtakuta nadharia tatu. Ya kwanza inasema virusi ni seli zilizokuwa vimelea zikapoteza viungo vyao mpaka zikabaki tupu. Ya pili inasema ni jeni zilizotoroka kwenye seli. Ya tatu inasema virusi, au mababu zao, walikuwepo kabla ya seli. Mimi naona kila moja imeshika kipande cha ukweli, na kosa ni kutaka moja ieleze virusi vyote.

Karibuni tujadili.

#2 Kipepe wa Pwani

Dada shukrani, nimesoma mpaka mwisho. Ila mhogo si wa kwetu. Wareno waliuleta kutoka Brazil. Je, batobato haikuja nao kwenye pingili?

#3 Binti wa Muheza

Kaka, haikuja. Huko Amerika Kusini ulikotoka mhogo, batobato hii haipo. Virusi hivi vilikuwa hapa Afrika kwenye mimea ya porini, mhogo ukafika mgeni, inzi weupe wakavibeba mpaka kwake. Mhogo ndio uliovikuta virusi. Hapo ndipo unapoona tofauti ya ujio wa ugonjwa na asili ya kirusi: mhogo barani Afrika una karne chache tu, ila ukoo wa batobato ni wa kale sana kuliko kilimo chenyewe.

#4 Tabibu wa Nyanda

Nimefurahia uzi, lakini naona nadharia ya kwanza umeipita haraka. Naomba niitetee.

Mwaka 1992 kule Bradford, Uingereza, watu waliugua homa ya mapafu, wakachunguza maji ya mnara wa kupozea. Ndani ya amiba wa maji yale walikuta kitu kikubwa kiasi cha kuonekana kwa darubini ya kawaida, na kilipokea rangi tunayotumia kutambulisha bakteria. Wakadhani ni bakteria. Kikakaa miaka mingi bila kutambuliwa mpaka mwaka 2003, kundi la watafiti wa Marseille lilipotangaza kuwa ni kirusi, wakakiita Mimivirus. Kina herufi milioni 1.2 na jeni zaidi ya 900. Linganisha na batobato yako yenye jeni nane hivi. Mwaka 2013 wakatangaza Pandoravirus, herufi milioni 2.5, kuliko bakteria wengi. Na kilichonishtua zaidi, Mimivirus ina baadhi ya vimeng'enya, yaani protini zinazoendesha kazi za kikemia, vya kuandaa amino asidi kwa ajili ya kutengeneza protini. Kirusi kisichotengeneza protini zake, vifaa hivyo vya nini? Kwangu mimi hayo ni mabaki ya nyumba iliyobomoka.

Na kubomoka kwa namna hiyo tunakuona kwa macho. Bakteria wa ukoma ana jeni zaidi ya 1,100 zilizokufa, zimebaki kama magofu ndani yake, kwa sababu anaishi ndani ya seli za mtu na hazihitaji tena. Mpe muda mrefu wa kutosha, atafika wapi?

#5 Binti wa Muheza

Tabibu, hoja yako ni nzito na mfano wa ukoma nimeupenda. Kwa muda mrefu hata mimi niliamini hivyo kuhusu majitu haya.

Kilichonigeuza ni kazi iliyotoka mwaka 2017. Walisoma DNA kutoka kwenye mtambo wa kusafisha maji taka wa Klosterneuburg, Austria, wakapata virusi vikubwa vyenye vifaa vya kutengeneza protini vingi kuliko hata vya Mimivirus. Kama vifaa vile ni mabaki ya seli moja ya kale, vyote vingeonyesha ukoo mmoja wa kale. Havikuonyesha. Kimeng'enya kimoja kilifanana na cha kiumbe huyu, kingine na cha kiumbe yule, kana kwamba vimeokotwa kimoja kimoja kwa wenyeji tofauti na kwa nyakati tofauti. Ukitazama ukoo mzima, majitu haya yanaelekea kutokana na virusi vidogo vilivyonenepa.

Na uokotaji huu upo hata kwenye mhogo. Kirusi cha michirizi kahawia kina jeni moja, HAM1, ambayo kwenye seli kazi yake ni kuondoa herufi mbovu zisiingie kwenye DNA na RNA. Ndugu zake karibu wote hawana jeni hiyo. Inafanana na ya seli. Kwa hiyo ukikuta kifaa cha seli ndani ya kirusi, usiseme mara moja kirusi kilikuwa seli. Huenda kimekiiba.

Sisemi njia ya kupungua haiwezekani kabisa. Seli huweza kupungua sana, hata mitokondria zetu, vile vinu vya nishati ndani ya seli, zilikuwa bakteria. Ila bakteria wa ukoma, pamoja na magofu yake yote, bado ana ribosomu. Hatujaona kiumbe wa katikati, aliyepoteza ribosomu huku akianza kuvaa koti.

#6 Nyakato

Salaam kutoka Bukoba. Kwetu ndizi, kwa hiyo nami nije na la kwetu, maana linaunga mkono wale wanaosema virusi na jeni ni watu wa nyumba moja.

Kuna kirusi cha michirizi ya migomba. Kwenye ndizi pori aitwaye Musa balbisiana, DNA ya kirusi hiki imeingia ndani ya kromosomu za mgomba wenyewe, imelala humo. Mgomba pori hauugui. Lakini ukizalisha chotara wenye damu ya ndizi hiyo, au ukazidisha miche kwa njia ya maabara, kile kilicholala kinaweza kuamka, na mche uliotoka safi ukaanza kuugua bila mdudu yeyote kuuambukiza. Wazalishaji wa mbegu wamelipata tatizo hili kweli kweli.

Na sisi watu tuko vivyo hivyo. Karibu asilimia 8 ya DNA ya binadamu ni mabaki ya virusi vya jamii ya retrovirusi, vinavyojipachika ndani ya DNA ya mwenyeji, vilivyowaingia mababu zetu. Sehemu inayoandika protini zetu haifiki hata asilimia 2. Jeni moja ya hayo mabaki, sinsitini, iliyotambuliwa mwaka 2000, inasaidia kuunganisha seli za kondo la nyuma. Mama akibeba mimba anatumia protini iliyokuwa ya koti la nje la kirusi.

Swali langu kwa Binti: kama jeni zinaweza kutoroka zikawa virusi, na virusi vinaweza kutulia vikawa jeni, nani alitangulia?

#7 Mzee Kombo

Nami naongezea swali hilo hilo kwa njia nyingine. Kirusi hakiwezi kuzaa bila seli. Sasa kingekuwepoje kabla ya seli? Hapo ile nadharia ya tatu naona haisimami.

#8 Binti wa Muheza

Nyakato, asante sana, la ndizi nilikuwa nalijua juu juu tu. Mzee Kombo, shikamoo. Nawajibu pamoja.

Kirusi kamili, chenye koti na kinachohitaji ribosomu, hakikuweza kuwepo kabla ya seli. Hapo Mzee uko sawa. Lakini vua koti. Kinachobaki ni kipande kinachojinakili, na vipande vya namna hiyo havihitaji kungoja seli kama tunazozijua. Tangu miaka ya 1980, kazi za Thomas Cech na Sidney Altman zimetuonyesha kwamba RNA yenyewe inaweza kufanya kazi ya kimeng'enya, bila protini. Kwa hiyo wengi wanaona uhai ulipita kwenye hatua ya RNA, vipande vikinakiliana. Na popote penye vinavyonakiliana hutokea vinavyodoea.

Udoezi huu umepimwa. Mwaka 1967 Sol Spiegelman na wenzake walichukua RNA ya kirusi cha bakteria wakaiweka kwenye chupa yenye kimeng'enya cha kuinakili na malighafi tele, kisha wakawa wanahamisha tone kidogo kwenye chupa mpya, tena na tena. RNA haikuwa tena na haja ya kuvamia bakteria, haja yake ilikuwa kunakiliwa upesi tu. Baada ya kuhamishwa mara 74 ilikuwa imetupa asilimia 83 ya urefu wake. Ilibaki ile sehemu inayojua kusema "uninakili mimi".

Na mpaka leo tunavyo vitu vya karibu na hali hiyo. Theodor Diener aligundua mwaka 1971 kwamba ugonjwa mmoja wa viazi mviringo husababishwa na kipete cha RNA tupu, herufi 359, hakina koti na hakiandiki protini hata moja. Akakiita viroidi. Kule Ufilipino viroidi ya herufi 246 imeua mamilioni ya minazi. Herufi 246, wakuu! Sentensi chache za uzi huu zina herufi nyingi kuliko hizo. Sisemi viroidi za leo ni masalia ya enzi ile, maana zinapatikana hasa kwenye mimea. Nasema zinathibitisha kwamba kitu kidogo kiasi hicho kinaweza kuishi kwa kudoea.

Tena angalieni kirusi cha homa ya ini D. Ni pete ya RNA ya herufi 1,700 hivi, inajinakili kwa namna inayofanana na viroidi. Koti lake la nje si lake. Inaliazima kwa kirusi cha homa ya ini B, ndiyo maana humpata mtu mwenye B tu. Tumerudi kwenye hadithi ile ile ya batobato: fundi wa kunakili ana asili yake, koti lina asili yake.

Mwaka 2019 Eugene Koonin na wenzake waliiweka picha hii pamoja. Wanasema mafundi wa kunakili wa virusi vingi ni wa kale sana, wanatoka zama zile za vipande vinavyonakiliana, ila protini za makoti zilichukuliwa baadaye kutoka kwa protini za seli, mara kadhaa na kwa nyakati tofauti. Mimi nakubaliana nao kwa kiasi kikubwa.

Lakini "baadaye" hapa msidhani ni juzi. Koti la adenovirusi, vinavyotuletea mafua na macho mekundu, limejengwa kwa umbo la protini lile lile la kirusi PRD1 cha bakteria, na lile lile la kirusi kilichopatikana kwenye chemchemi ya maji moto ya Yellowstone, Marekani, kikiishi ndani ya akea, viumbe wa seli moja wanaofanana na bakteria kwa umbo lakini wa ukoo mwingine. Mtu, bakteria na akea, koo tatu za uhai zilizoachana zamani mno, na wote wanashambuliwa na virusi vyenye koti la mshono mmoja. Maelezo yanayoniingia akilini ni kwamba koti hilo lilikuwepo kabla koo hizo hazijaachana.

Kwa hiyo Nyakato, wadoezi wanaonakiliana walitangulia, seli zikafuata au zikakua pamoja nao, kisha virusi vyenye koti vikazaliwa ndani ya seli hizo, na tangu hapo vinaendelea kuzaliwa.

#9 Mkulima wa Mkuranga

Mimi elimu yangu ndogo lakini nimewafuata. Nina shamba, na kuna miche naona ina batobato na michirizi kwa pamoja. Mnaposema vinavaliana makoti mnanitia hofu. Vinaweza kuchanganyika humo shambani mwangu?

#10 Binti wa Muheza

Kaka, hofu yako ina msingi, na si mambo ya kale tu.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, Uganda, batobato ilianza kuwa kali kuliko kawaida. Ilianzia maeneo ya kaskazini ya kati, ikasambaa mwaka hadi mwaka, wilaya baada ya wilaya wakulima wakaacha mihogo, njaa ikaingia. Baadaye ikafika magharibi mwa Kenya, Kagera na Kongo. Mwaka 1997 watafiti walikuta sababu. Virusi viwili vya batobato, cha Afrika na cha Afrika Mashariki, vilikutana kwenye mmea mmoja na kipande cha katikati cha jeni ya koti kikatoka kwenye cha kwanza kikaingia kwenye cha pili. Kikapatikana kirusi kipya. Kinachotokea kwenye ile hadithi ya plasmidi na koti kimetokea tena, kwa kipimo kidogo, mbele ya macho ya wazazi wetu.

Batobato na michirizi kuchanganyika ni kugumu zaidi, kwa kuwa kimoja ni DNA na kingine RNA. Hatujawahi kuona hivyo viwili vikifanya hivyo kwenye mhogo. Lakini mwaka 2012, katika ziwa la maji moto na tindikali huko California, walipata DNA ya kirusi yenye fundi wa kunakili wa ukoo wa virusi vya DNA na jeni ya koti kutoka ukoo wa virusi vya RNA. Kwa hiyo ukuta ule una mlango, hata kama unafunguka mara chache.

Miche yenye vyote viwili ing'oe na uichome, usikate pingili kutoka kwake hata kama shina linaonekana nene. Kwa iliyobaki, chukua majani machanga ya juu kwa ajili ya batobato na yale ya chini yaliyokomaa kwa ajili ya michirizi, yaweke kwenye karatasi kavu, siyo mfuko wa plastiki, andika umeyachuma mche gani na mstari gani. Nitumie ujumbe pembeni nikuelekeze pa kuyapeleka.